Chanzo cha Ugonjwa, Hitilafu ya Programu na Kabila la Mtu

Fungua gazeti lolote wiki hii na hutakosa habari inayoanza na maneno "watafiti wamegundua". Kahawa inaleta hiki, nyama choma inaleta kile, kuchelewa kulala kunaleta kingine. Kabla jua halijatua, habari hiyo imeshapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp ya familia na shangazi ameshaacha chai. Wiki ijayo watafiti wengine wanagundua kinyume chake, na watu wanasema, "Hawa wanasayansi wenyewe hawajui wanachofanya."

Wanajua. Shida ni kwamba kutoka "vitu hivi viwili huonekana pamoja" hadi "hiki ndicho kinachosababisha kile" ni safari ndefu, na vichwa vya habari huirukia. Mimi si daktari. Nilisomea sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ni kuandika programu katika ofisi moja huko Westlands. Lakini safari hiyo naifahamu kwa sababu ndiyo ninayopita kila mara programu inapokwama. Leo nataka tuitembee pamoja tukitumia mfano ulioanzia hapa hapa Nairobi, upande wa River Road. Ni mfano unaogusa ugonjwa, tohara na ukabila, kwa hiyo naomba uvumilivu wako.

Tuanze na kompyuta. Seva ikianguka usiku, asubuhi kitu cha kwanza ninachofungua ni logi, yaani lile faili ambamo programu huandika kila inachokifanya. Humo naweza kuona, tuseme, kwamba kila mara seva ilipoanguka, dakika chache kabla kulikuwa na mtu anayepakia picha. Je, picha ndizo zilizoiangusha? Labda. Au labda watu hupakia picha nyingi usiku, na usiku huohuo ndipo mashine hutengeneza nakala ya hifadhidata, na hiyo nakala ndiyo inayoielemea. Picha zilikuwepo tu, kama mpita njia aliyekutwa karibu na duka lililovunjwa.

Epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea miongoni mwa watu, kwa sehemu kubwa ni kusoma logi za namna hiyo. Nani aliugua? Nani hakuugua? Walitofautiana katika jambo gani? Tofauti ni kwamba logi ya binadamu haiandikwi na mashine. Watu husahau, huficha, huhama.

Sasa twende River Road.

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na kliniki ya jiji ya magonjwa ya zinaa katikati ya mji. Jina lake la Kiingereza lilikuwa Special Treatment Clinic, lakini Wanairobi waliiita Casino. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakifuatilia wanaume waliofika hapo kutibiwa. Mwaka 1989 walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Walianza na wanaume 422 walioambukizwa ugonjwa wa zinaa na kundi la wanawake waliouza ngono, na asilimia 85 ya wanawake hao walikuwa na VVU. Miongoni mwa wanaume hao, 293 ambao hawakuwa na virusi mwanzoni walifuatiliwa. Baadaye 24 kati yao waligunduliwa kuwa wameambukizwa.

Hao 24 walikuwa na nini ambacho wenzao hawakuwa nacho? Mambo matatu yalijitokeza. Waliokwenda kwa wanawake hao mara nyingi zaidi walikuwa kwenye hatari zaidi; hilo halishangazi. Waliopata vidonda sehemu za siri hatari yao ilikaribia mara 5. Na wale ambao hawakuwa wametahiriwa hatari yao ilikuwa mara 8 hivi ya wale waliotahiriwa.

Mara 8! Kwenye logi zangu nikiona kitu cha mara 8, sihitaji hata kukokotoa, naita wenzangu waje watazame.

Ona pia ujanja wa utafiti huu. Ukichukua wanaume wa Nairobi nzima, mtu atakwambia, "Labda wasiotahiriwa ndio wanaotembea ovyo zaidi." Hapa wanaume wote walikuwa wamekutana na hatari inayofanana, kwa sababu waliambukizwa ugonjwa wa zinaa na kundi moja la wanawake. Swali la nani alikwenda wapi lilipunguzwa nguvu tangu mwanzo.

Lilipunguzwa, halikuisha. Na hapa ndipo penye mfupa.

Ukisema "mwanaume asiyetahiriwa" nchini Kenya, watu hawasikii habari ya ngozi. Wanasikia kabila. Wajaluo, Wateso na Waturkana kwa desturi hawatahiri. Wakikuyu, Wakamba, Wakisii, Waluhya wengi, Wakalenjin na watu wa Pwani hutahiri. Kwa hiyo katika jedwali lolote la data ya Kenya, safu ya "tohara" na safu ya "kabila" ni kama pacha. Na kabila huja na mizigo yake: mtu ametoka wapi, anafanya kazi gani, anakula nini, ameoa umri gani, kwao ugonjwa ulifika mwaka gani. Hata ziwa limo ndani ya safu hiyo.

Waandishi wa programu tunaijua vizuri hali hii. Umetoa toleo jipya lenye mabadiliko mawili kwa pamoja, na programu ikaharibika. Ni badiliko lipi lililoharibu? Hata usome logi mwezi mzima, haitakwambia, kwa sababu kila mtumiaji aliyepata la kwanza alipata na la pili. Njia ni moja: toa badiliko moja bila lingine, uone.

Baba yangu ni Mluhya na mama yangu ni Mjaluo, nami nimekulia Kangemi. Upande wa baba, tohara ndiyo inayomfanya mvulana awe mtu. Upande wa mama, desturi ya zamani ya kuvuka utoto ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini, na mambo yakaishia hapo. Nilipokuwa mdogo nilisikia neno "kihii", yaani mvulana asiyetahiriwa kwa Kikuyu, likirushiwa wanaume wazima wenye wake na watoto, wajomba zangu wakiwemo. Mtaani lilikuwa tusi. Kwenye siasa lilikuwa hoja: huyu hajavuka, hawezi kututawala. Kwa hiyo hebu fikiria takwimu ya "mara 8" ikiteremka mtaani kama ilivyo, bila maelezo. Wangapi wangesema "ni ngozi"? Na wangapi wangesema "ni wao, si mnawajua"?

Pengo kati ya kuonekana pamoja na kusababisha halikai tupu. Kitu kitalijaza, na katika nchi yetu kinachokimbia kulijaza kwanza ni ukabila.

Watafiti wenyewe hawakukimbilia hitimisho. Mwaka 1990 Stephen Moses na wenzake walichora ramani ya Afrika wakilinganisha sehemu zisizotahiri na sehemu zenye VVU vingi, na ramani hizo mbili zikafanana sana. Mwaka 2000 tafiti 27 za Afrika zilijumlishwa pamoja, na kwa jumla hatari ya waliotahiriwa ilikuwa kama nusu ya ile ya wasiotahiriwa. Ushahidi ulikuwa unarundikana. Hata hivyo mwaka 2003 mapitio ya Cochrane, ule mtandao wa wataalamu wanaopima ubora wa ushahidi wa tiba, yalisema ushahidi bado hautoshi kuwashauri watu watahiriwe. Tafiti zote zilikuwa za kutazama tu. Watahiriwa wengi wa Afrika walikuwa Waislamu au wa makabila fulani, na dini na kabila huambatana na mambo mia moja mengine. Tafiti zilikuwa nyingi, lakini karibu zote zingeweza kuwa na kosa lilelile. Ni kama kusoma logi za seva 27 zilizowekewa toleo lilelile lenye mabadiliko mawili.

Wakati huo kazi nyingine ilikuwa imeshaanza Kisumu. Mwaka 2002 watafiti walianza kuandikisha vijana wa miaka 18 hadi 24, ambao hawakuwa wametahiriwa, hawakuwa na VVU, na walikuwa tayari kutahiriwa. Walipatikana 2,784, karibu wote Wajaluo. Kisha ikapigwa kura. Nusu walitahiriwa mara moja. Nusu nyingine waliambiwa wasubiri miaka miwili, nao wangepewa nafasi hiyo baadaye. Wote walipewa ushauri uleule, wote walipimwa kwa ratiba ileile.

Msomaji, tulia hapa kidogo uone walichofanya. Kabila: lilelile pande zote. Mji: uleule. Umri: uleule. Hata hamu ya kutahiriwa ilikuwa ileile. Na vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikiria, vile visivyo na safu kwenye jedwali, kura ilivigawanya pande mbili bila kumuuliza mtu. Kitu kimoja tu kilibadilishwa. Sisi kwenye programu tunaita kufungua swichi kwa nusu ya watumiaji. Tofauti ni kwamba sisi tunajaribu rangi ya kitufe, na wao walikuwa wanajaribu uhai.

Jaribio lilisimamishwa tarehe 12 Desemba 2006, kabla ya muda wake, kwa sababu jibu lilikuwa wazi na isingekuwa haki kuendelea kuwaacha wengine wasubiri. Waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22. Wale waliosubiri, 47. Kwa miaka miwili hiyo ni asilimia 2.1 dhidi ya 4.2.

Je, inaweza kuwa bahati tu? Swali hilo unaweza kulijaribu mwenyewe. Walioambukizwa kwa jumla ni 69. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa, kwa hiyo kama tohara haina kazi yoyote, kila mmoja wa hao 69 ni kama sarafu ya shilingi ishirini iliyorushwa: kichwa, alikuwa kundi hili, upande wa pili, kundi lile. Andika programu ya mistari michache, irushe sarafu mara 69, ihesabu, irudie mara elfu kadhaa. Kupata vichwa 22 au pungufu hutokea takriban mara 2 katika kila majaribio 1,000. Halafu kumbuka kwamba Kisumu haikuwa peke yake. Rakai, Uganda, wanaume 4,996: 22 kwa 45. Orange Farm, Afrika Kusini, wanaume 3,274: 20 kwa 49. Nchi tatu, lugha tofauti, timu tofauti, na namba karibu zilezile.

Kuna udhaifu, nao usifichwe. Mtu aliyetahiriwa anajua ametahiriwa. Huwezi kumpa tohara ya uongo kama unavyoweza kumpa mtu kidonge kisicho na dawa. Angeweza kubadilisha mwenendo wake. Ndiyo maana watafiti waliendelea kuwauliza vijana wa pande zote mbili kuhusu maisha yao ya mapenzi. Pia kinga hiyo ni ya asilimia 50 hadi 60, si 100, na inamkinga mwanaume anapolala na mwanamke. Kondomu haijastaafu.

Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara iwe sehemu ya kinga. Mwaka 2009 Cochrane walibadilisha msimamo wao: sasa ushahidi ni thabiti. Mmoja wa waandishi wa utafiti wa Kisumu ni Profesa Jeckoniah Ndinya-Achola wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye jina lake limo pia kwenye ule utafiti wa Casino wa mwaka 1989. Stephen Moses wa ile ramani naye yumo. Kutoka kusoma logi hadi kufungua swichi, miaka 18 baina ya chapisho na chapisho.

Kwangu mimi, kilichotoka Kisumu kina upande wa pili ambao hauandikwi sana. Jaribio lile liliondoa kabila kwenye orodha ya washukiwa. Mjaluo aliyetahiriwa na Mjaluo asiyetahiriwa, wakikaa mtaa mmoja, hawakuwa na hatari sawa. Kwa hiyo tohara hufanya kazi hata pale ambapo kabila halitofautiani hata kidogo. Maelezo yanayotolewa ni ya kibaiolojia: sehemu ya ndani ya govi ni laini, na chini yake karibu kabisa na uso kuna chembe ambazo VVU hupenda kuzishika. Chembe hazina kitambulisho cha taifa.

Laiti habari hizo zingefika kila mahali kwa mwendo mmoja. Matokeo yalichapishwa Februari 2007. Desemba mwaka huohuo tulifanya uchaguzi, na katika ghasia zilizofuata Tume ya Waki ilirekodi visa vya wanaume Wajaluo kukamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Kitendo kilekile, kisu kilekile. Kisumu kijana alisaini karatasi, akadungwa ganzi, akapewa siku ya kurudi kukaguliwa. Kwingine kilikuwa unyama. Mwaka 2008 serikali ilipoanzisha mpango wa tohara ya hiari, hasa Nyanza, kulikuwa na kazi ya kuwaeleza wazee kwamba hakuna anayewageuza kabila. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliunga mkono hadharani. Wapo binamu zangu waliokwenda. Hawakuvuka utoto siku hiyo. Walikuwa wameshauvuka zamani. Walikwenda kama mtu anavyokwenda kuchanjwa.

Sasa usije ukasema, "Basi, chochote cha mara nyingi kwenye logi ni chanzo." Ngoja nikupe mfano mwingine wa ukanda huuhuu.

Kuna virusi vya hepesi ya sehemu za siri, HSV-2. Mwaka 2006 tafiti nyingi zilijumlishwa, zikaonyesha kwamba mwenye HSV-2 ana hatari ya kupata VVU karibu mara 3. Maelezo yalikuwepo na yalikuwa mazuri: hepesi huleta vidonda, na kidonda ni mlango. Dawa ipo, acyclovir, nayo si ghali. Kila mtu alingoja ushindi mwingine kama wa Kisumu.

Kaskazini magharibi mwa Tanzania wanawake 821 wenye HSV-2 lakini wasio na VVU, waliofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa acyclovir kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliotumia dawa, walioambukizwa VVU: 27. Waliotumia kidonge kitupu: 28. Mwaka 2010 yakaja matokeo ya jaribio kubwa zaidi la jozi 3,408 za wapenzi katika nchi saba za Afrika, Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret zikiwemo. Hapo mwenye VVU na hepesi ndiye aliyepewa dawa. Vidonda vya hepesi vilipungua kwa asilimia 73. Maambukizi ya VVU kwa mwenzake hayakupungua.

Kwa hiyo hepesi haina hatia? Taratibu. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba kidonda cha hepesi kikishapona, hata kwa dawa, zile chembe zinazovutia VVU hubaki zimejazana mahali hapo kwa miezi. Huenda hepesi inachangia kweli, ila dawa ile haifiki inapotakiwa. Jaribio lilijibu swali lililoulizwa: "Je, acyclovir kwa kipimo hiki itazuia VVU?" Halikuulizwa zaidi ya hapo. Nami nikizima kipengele kimoja na seva bado ikaanguka, nimejifunza kitu kuhusu kuzima kile kipengele, sijamaliza kesi.

Na si kila kitu kinaweza kupigiwa kura. Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui waliugua manjano na kufa. Wagonjwa 317 walitambuliwa, 125 wakafariki. Nani angegawa mahindi yenye sumu kwa kura? Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 wa maeneo hayohayo, wakalinganisha. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumukuvu nyingi zaidi, ile aflatoksini tunayoisikia redioni. Damu zao pia. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, ndani ya nyumba, ndiyo yaliyokuwa hatari. Sumu ilijulikana tangu zamani inaua ini, na Machakos kulikuwa na mkasa wa aina hiyo mwaka 1981. Hakuna aliyedai jaribio zaidi.

Mwanatakwimu Mwingereza Austin Bradford Hill, ambaye pamoja na Richard Doll alionyesha mwaka 1950 uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alilikabili swali hili kwenye hotuba yake ya mwaka 1965. Alitaja mambo tisa ya kuangalia: uhusiano una nguvu kiasi gani, umeonekana sehemu tofauti, kinachodhaniwa chanzo kilitangulia, dozi ikizidi ugonjwa unazidi, na kadhalika. Akaonya kwamba hakuna hata moja lililo sharti, wala linalomaliza ubishi peke yake. Ni orodha ya kukusaidia kufikiri, si programu ya kubofya ikakupa jibu.

Naandika haya yote kwa sababu mwaka huu nilipewa kazi ya kutengeneza programu hiyo hasa ya kubofya. Kikundi fulani cha zahanati za upande wa magharibi mwa jiji, sitazitaja, kilitaka ukurasa wa ripoti. Unachagua ugonjwa, programu inapitia rekodi za wagonjwa, inakuonyesha orodha. Na juu ya orodha, mteja alitaka safu iitwayo "Sababu kuu".

Nilipoijaribu kwa ugonjwa wa kuhara, miongoni mwa "sababu kuu" ikatokea kaunti ya kuzaliwa. Hesabu ilikuwa sahihi. Niliikagua mara tatu. Lakini wewe unayekaa Kangemi au Kawangware unajua inavyokwenda. Mtu akitoka ushago hupanga chumba karibu na ndugu yake. Baada ya miaka kumi, ploti nzima ni watu wa kwao. Ploti moja, mfereji mmoja, choo kimoja. Rekodi hazikuwa na safu ya mfereji. Zilikuwa na safu ya kaunti. Basi kaunti ikabeba lawama ya mfereji, na skrini ikawa tayari kumwandikia muuguzi, kwa herufi nzito, kwamba sababu ya kuhara ni kuzaliwa Siaya au Vihiga.

Nilibadilisha mambo matatu. Neno "Sababu kuu" nililiondoa, nikaweka "Huambatana na". Kaunti nikaificha, ionekane tu kwa anayeitafuta kwa makusudi. Na nikaongeza safu mpya kwenye fomu: unachota maji wapi? Mteja hakufurahi. Aliniuliza, "Sasa wafadhili wataelewa kweli? Wao wanataka kujua sababu." Nikamwambia kama wanataka sababu, njia ipo: wagawe dawa ya kutibu maji kwa nusu ya ploti, kwa kura, wahesabu wagonjwa kwa miezi sita. Alisema atafikiria. Toleo lililopo sasa linasema "Huambatana na", na ombi la kurudisha neno la zamani bado liko kwenye orodha ya kazi zangu, halijafungwa.

Kabla sijaaga, nakuachia maswali ya kuuliza utakapoletewa "watafiti wamegundua" nyingine. Je, walitazama tu, au walibadilisha kitu? Kama walibadilisha, nani aliamua nani apate: kura, au mtu mwenyewe? Kilichodhaniwa chanzo kilitangulia ugonjwa? Hatari imezidi mara ngapi, na kutoka wangapi hadi wangapi? Imeonekana mahali pengine, kwa watu tofauti? Na la mwisho, ambalo kwetu naliona kubwa: kuna nini kingine kinachosafiri pamoja na hicho kinacholaumiwa, ambacho hakikupewa safu kwenye jedwali?

Na shangazi, kama unasoma hapa, kunywa chai yako.

Tukutane tena panapo majaliwa.